Abdulai Alivyoukana Utani

Abdulai wa bi Saquina nimemjua tangu akitambaa, kwa sababu kwao na kwetu, hapa Quionga, panatenganishwa na ua mmoja tu wa makuti. Naandika habari zake kwa kuwa watu wa mbali wamekwisha kuziandika, na karatasi yao inamsifu. Inasema alikuwa kiungo kati ya watafiti na jamii. Mimi ndiye niliyekuwa nawapikia chai hao watafiti. Mbele za watu mdomo wangu ni mzito, lakini mkononi kalamu si nzito sana.

Hakuwa mtoto mkorofi. Alikuwa mtoto wa kuyaonea haya mambo ya kwao, na hilo kwangu ni baya zaidi. Mama yake alikuwa akikuna nazi na kupika mafuta, na nyumba nzima ilinukia mafuta hayo. Abdulai alipokwenda kusoma Palma alijisugua ndimu njiani ili wenzake wasimnuse. Alifika darasa la kumi. Aliporudi likizo, mama yake akimwita, anaitika kwa Kireno, na bi Saquina, asiyejua Kireno hata cha kuombea maji, anatoka mbio jikoni akidhani mwanawe anaumwa tumbo.

Vita ilipoingia Palma tulikimbia wote. Tulilala porini pamoja, tukala mihogo mibichi pamoja. Nilidhani njaa ingemtoa yale majivuno. Baada ya muda tukarudi Quionga, na Abdulai alirudi yule yule, ila amekonda.

Kisha mradi ukaja.

Walikuwa watu wanne, mkubwa wao doutor Ivandro, msomi wa mambo ya nafsi kutoka Maputo. Kijana mrefu, mpole, anafuta miwani kila anapotaka kusema. Walitaka kujua vijana walioiona vita wanaishije, nani amesimama na nani ameanguka, na kwa nini. Wakachukua vijana sitini, kila mmoja akapewa namba, na kila mwezi akawa anaulizwa maswali arobaini. Wa kuuliza na kutafsiri akatafutwa mtu wa hapa hapa. Akachaguliwa Abdulai.

Walimpa koleti ya buluu, kizibao kisicho na mikono chenye mifuko saba. Hakuwa na cha kutia katika mifuko hiyo, lakini aliivaa mpaka msikitini siku ya Ijumaa, akasali nayo katika safu ya mbele.

Siku ya mkutano wa kwanza alisimama kutufasiria neno lao kuu, resiliência. Alilitamka kwanza mara tatu, kama mtu anayeonja mchuzi wake mwenyewe.

"Ni ule uwezo wa mtu kuanguka," akasema, "kisha akainuka."

Nyuma kabisa alikuwa amekaa Faizal wa marehemu Jafar, ingawa siku hizo tulikuwa hatujajua kama Jafar ni marehemu. Umri wake miaka kumi na tisa, mkwezi wa minazi kama baba yake.

"Sisi tukianguka hatuinuki," akasema Faizal.

Watu walicheka mpaka wengine wakapigana makofi mgongoni. Doutor aliuliza watu wanacheka nini. Abdulai akamjibu kwamba wamefurahi kuelewa.

Hapo ndipo nilipopaswa kumjua. Kireno changu ni cha shule ya msingi, lakini kinatosha kujua mtu anaposema lisilokuwepo.

Maswali yenyewe sitaki kuyacheka yote. Mengine yalikuwa ya maana: unalala, unakula, una mtu wa kumwambia? Lakini mengine! Kulikuwa na moja lililouliza kama katika siku thelathini zilizopita umejiona kama mti unaoinama bila kuvunjika. Kijana mmoja akauliza, "Mti gani?" Abdulai akamkaripia, "Jibu kwa namba, moja mpaka tano, usinipotezee muda." Faizal yeye alijibu tatu kwa kila swali, arobaini yote. Aliniambia mimi pale kwenye birika kwamba tatu iko katikati, haimkasirishi mtu na inakurudisha nyumbani mapema.

Sasa nimseme Faizal, maana yote yaliyotokea ni juu yake.

Wakati wa kukimbia alipotezana na baba yake porini. Alirudi Quionga peke yake. Mwaka wa kwanza alisubiri, wa pili akasubiri. Halii, haongei sana, anapanda minazi ya watu, anashuka, analala. Kisha akaja mtu kutoka Nhica do Rovuma, akasema amemzika Jafar kwa mikono yake, akataja kovu la gotini na shati alilovaa. Hapakuwa na shaka tena. Ikasaliwa sala ya maiti asiyekuwepo, yakawekwa matanga.

Siku ya kwanza Faizal hakulia. Siku ya pili hakulia wala hakula. Alikaa mkekani kaukodolea macho ukuta, na watu walianza kumwogopa.

Siku ya tatu akaingia Nafisa.

Nafisa ni muuza pweza wa kukaanga hapo sokoni, mwanamke wa miaka thelathini hivi, sauti yake unaisikia kabla hujamwona. Ukoo wao na ukoo wa Jafar ni watani tangu zamani, wa kuzikana na kutukanana. Aliingia amevaa suruali kuukuu ya kiume iliyokunjwa mpaka magotini, kofia imekaa upande kama alivyovaa Jafar, anachechemea kama alivyochechemea Jafar.

"Mnamlilia Jafar gani?" akapiga kelele. "Yule aliyepanda mnazi asubuhi akashuka magharibi na nazi mbili, na moja kaishainywa huko huko juu?"

Wanawake wakaanza kuguna kwa kicheko.

"Eti alikimbia vita! Jafar akimbie? Mvua ilikuwa inatoka Macaloe inampita njiani! Na sura ile, Mwenyezi Mungu amefanya hisani kumzika mbali, tungemzika hapa watoto wasingelala."

Akamsogelea Faizal, akamwinamia usoni.

"Na wewe, koroma lililodondoka lenyewe. Umekaa hapo unangoja nani akuokote? Leta kamba ya baba yako, nimekuja kurithi. Mimi ndiye mkwezi sasa."

Akaichukua kamba ya kukwelea iliyoning'inia ukutani, akaitia miguuni, akaikumbatia nguzo ya baraza, akapanda shubiri mbili akaporomoka chini kwa makalio. "Ah!" akasema kwa sauti ya Jafar mwenyewe, "mnazi huu mbaya, nitaupanda kesho."

Faizal akacheka. Kicheko kilimtoka puani kwanza, kisha mdomoni, kisha kikageuka, akaanguka mapajani mwa Nafisa akalia kilio cha miaka yote ile. Nafisa akamshika kichwa huku akiendelea kumtukana baba yake, taratibu sasa, kama anayembembeleza mtoto. Baada ya hapo kijana akaomba maji. Akala wali.

Doutor Ivandro alikuwepo. Alikuja kutoa pole, akakaa kwenye kiti tulichomletea, na Abdulai kasimama pembeni yake na koleti. Mimi nilikuwa nyuma yao nimeshika birika, kwa hiyo haya nimeyasikia kwa masikio yangu.

"Yule mwanamke anasema nini?" aliuliza doutor.

"Anasema marehemu alikuwa mvivu na mbaya wa sura," akajibu Abdulai. "Anasema amekuja kuchukua vitu vyake."

"Mbele ya mtoto wake? Ni ndugu yao?"

"Hapana, doutor. Si ndugu."

"Na watu wanacheka?"

Abdulai akainua mabega tu.

Hakusema uongo hata neno moja. Alichofanya ni kuliacha lile neno moja ambalo bila hilo mengine yote yanakuwa uongo. Nafisa ni mtani wa Faizal, na kumtukana marehemu ilikuwa kazi yake siku ile, kama kazi ya imamu ni kusalisha. Kwa nini hakulisema? Kwa sababu angelisema, swali la pili lingekuwa, "Na wewe unafanya hivyo?" Jibu ni ndiyo. Mama yake Nafisa na bi Saquina ni dada, tumbo moja. Utani wa Nafisa ni utani wa Abdulai. Na wiki ile ile doutor alikuwa amemsifu mbele yetu kwamba yeye ni mtu wa sayansi.

Mimi pia sikusema. Lakini mimi nililipwa kwa chai. Yeye alilipwa kwa kusema.

Siku ya pili yake doutor akaandika karatasi kwa mkuu wa mtaa. Karatasi ilikuwa na muhuri, na mkuu wa mtaa ni mtu wa kuheshimu muhuri. Nafisa akaitwa, akasomewa kwamba amemfanyia ukatili kijana aliyefiwa, na kwamba asikanyage nyumbani kwa Faizal mpaka utafiti uishe.

"Ukatili?" Nafisa aliuliza. "Nani kalalamika?"

Mkuu wa mtaa akamwonyesha muhuri.

Hili si jambo dogo, maana arobaini ya Jafar ilikuwa inakuja. Kwetu mtani ndiye anayeingia kwenye matanga, na mtani ndiye anayeyaondoa. Siku ya arobaini anamnyoa mfiwa nywele, anamtukania marehemu wake mara ya mwisho, tanga limekwisha. Mfiwa asiponyolewa anabaki na tanga kichwani, na mwenye tanga hapandi mnazi wa mtu. Wenye minazi hawakubali, na mkwezi mwenyewe hakubali, anajua ataanguka. Faizal hakuwa na shamba wala kazi nyingine. Nafisa akizuiwa, basi kijana atakaa chini akitazama minazi mpaka hao wageni wamalize maswali yao, na walisema watamaliza baada ya mwaka na nusu.

Bi Saquina akachukua wanawake wawili, wakaenda kumweleza doutor. Walivaa khanga nzuri, wakaketi mkekani uani kwa watafiti, nami nikawamiminia chai. Bi Saquina alieleza vizuri sana. Alieleza utani tangu mababu, akaeleza kunyoa, akaeleza minazi. Maneno yake yote yalipita kinywani mwa mwanawe.

"Wanasemaje?" akauliza doutor.

"Wanaomba radhi," akasema Abdulai kwa Kireno, "kwa aliyoyafanya yule mwanamke."

Doutor akafuta miwani, akaona huruma. Akawaambia wasijali, yeye haichukii jamii yao, akawapa sukari kilo moja moja. Bi Saquina alitoka pale akishukuru, anadhani ameeleweka.

Nilikaa na jambo hilo tangu adhuhuri mpaka alasiri. Kisha nikapita upande wa pili wa ua, nikamwambia bi Saquina. Nilimwambia nikitazama chini, na neno lenyewe la kuomba radhi nikalisema kwa Kireno kama lilivyosemwa, ili asidhani nimeongeza.

Aliendelea kukuna nazi. Abdulai aliporudi hakumngoja akae.

"Mimi niliomba radhi kwa nani?"

"Mama, nani amekwambia?"

"Nakuuliza mimi niliomba radhi kwa nani."

"Mama, wale hawawezi kuelewa mambo haya. Ukiwaeleza wanatuona washenzi."

"Umeogopa wakuone mshenzi, ukaniuza mimi."

"Nilikuwa kazini, mama."

"Basi sikiliza, mtu wa kazini. Karatasi imemtaja Nafisa, wewe haikukutaja. Wewe na Nafisa ni ukoo mmoja, na sisi wazee hatunyoi. Ijumaa arobaini. Utakwenda kumnyoa yule mtoto na utamtukana Jafar mpaka mifupa yake icheke. Ama hivyo, ama umweleze doutor ukweli leo hii."

"Nimwelezeje leo? Ataniuliza kwa nini sikusema siku ile."

"Utamjibu."

Abdulai akafikiri. Unaweza kumwona mtu akipima aibu mbili, ipi nyepesi kubeba. "Nitakwenda Ijumaa," akasema.

Na kweli alikwenda. Baada ya sala ya Ijumaa watu wamekaa kwa Faizal, hitima imesomwa, wali umeliwa, kijana kakaa mkekani na nywele zake za siku arobaini. Abdulai akatokea na koleti. Mkononi ana wembe mpya katika karatasi yake, na amevaa glavu za mpira alizozitoa kwenye sanduku la mradi.

"Kuna maradhi?" akauliza mwanamke mmoja.

Abdulai akasimama mbele ya Faizal, akakohoa.

"Bwana Faizal," akaanza, "kwa ruhusa yako. Marehemu baba yako, kusema kweli, hakuwa mtu wa bidii sana."

Tukasubiri. Hata wanaoosha sufuria waliacha kuosha.

"Na sura yake pia," akasema Abdulai, "haikuwa ya kupendeza kwa kila mtu."

"Anasoma risala huyu," akasema mwingine kule nyuma.

Bi Saquina alifunika uso kwa khanga. Faizal alikuwa amemwinamishia kichwa tayari, anangoja wembe. Nataka hilo lieleweke. Pamoja na ubovu wa matusi yale, kijana alikuwa radhi. Alitaka tu anyolewe, tanga litoke, kesho apande. Hata utani mbaya ungetosha.

Ndipo gari la mradi likaingia. Doutor Ivandro alisikia kuna arobaini, akaja na mfuko wa mchele, maana ni mtu mwema, na wema wake ndio ulikuwa unatumaliza. Abdulai alisikia injini kabla hajageuka. Wembe ukaingia mfuko mmoja wa koleti, glavu zikaingia mfuko wa pili, na kutoka mfuko wa tatu kikatoka kidaftari na kalamu. Doutor aliposhuka alimkuta mtu wake ameinama mbele ya mfiwa, anaandika.

"Anaendeleaje?" akauliza doutor.

"Yuko imara, doutor," akasema Abdulai.

Faizal aliinua kichwa. Alimtazama Abdulai kwa muda, hakuonyesha hasira. Kisha akasimama, akavaa ndara, akatoka. Watu wote tukamfuata, tukamwacha doutor na mchele wake.

Alikwenda moja kwa moja sokoni. Nafisa alikuwa kwenye karai lake la pweza. Alipomwona akainua kijiko cha kukaangia.

"Usinikaribie! Nimekatazwa kwa muhuri!"

"Umekatazwa kuja kwangu," akasema Faizal. "Mimi nimekuja kwako."

Nafisa akamtazama kuanzia nywele mpaka ndara.

"Ukoo wenu wote mnapenda kufuatwa majumbani," akasema. "Leo mmoja ametembea. Jafar angekuwa hai angeomba abebwe. Kaa chini."

Akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Wembe ukanunuliwa kibanda cha pili, maji yakatoka kwenye dumu la Nafisa, na mikono yake ilinuka pweza. Alimnyoa huku akimtukana Jafar kwa yote aliyoyaacha siku ya matanga: usingizi wake, ubahili wake wa tumbaku, namna alivyoimba kaswida kwa sauti ya mbuzi mwenye kiu. Faizal alicheka machozi yakimtiririka, nywele zikimganda mashavuni. Hata wauza samaki waliacha biashara.

"Basi," akasema Nafisa, akampiga kofi la kisogo. "Jafar amekufa. Tanga limetoka. Potea hapa, unanifukuzia wateja kwa upara huo."

Kesho yake Faizal alipanda minazi kumi na minne.

Mwisho wa mwezi maswali arobaini yakaja tena. Safari hii Faizal hakusema tatu. Alisema nne, alisema tano, na kwenye swali la mti unaoinama alisema, "Tano, niandikie hivyo hivyo." Doutor Ivandro alifurahi mno. Alituonyesha kwenye kompyuta mstari wa namba thelathini na nne, ndiye Faizal, umelala, umelala, kisha unapanda ghafla. Akamwuliza Abdulai ni nini kimetokea katika maisha ya kijana huyu.

Palikuwa na nafasi nyeupe ya kuandika sababu. Nilikuwa namimina chai. Nilimwona Abdulai akishika kalamu, na nakiri nilisali, nikasema moyoni, andika, we mwana wa Saquina, bado unaweza. Akaandika kwamba kijana ameondolewa mtu aliyekuwa akimtesa.

Sababu hiyo ndiyo iliyokwenda Pemba, mji mkuu wa mkoa wetu. Ilisomwa ukumbini, na Abdulai alikaa mstari wa mbele, akapewa cheti chenye jina lake. Sasa watafanya hivyo hivyo katika vijiji vingine, kuwalinda wafiwa na watu kama Nafisa.

Alirudi na kiatu kipya. Watu hawakumtenga, tuliitikia salamu zake. Lakini nadhani huko Pemba kuna kitu kilimpungukia, kwa sababu siku ya tatu alisimama njiani chini ya mnazi ambao Faizal alikuwa juu yake anakata madafu. Sisi tulikuwa tumekaa pale tunasuka makuti. Akaweka mikono kiunoni, akainua uso.

"Wewe mtoto wa Jafar!" akaita. "Ukianguka usije ukaniangukia mimi, ninuke uvivu wenu!"

Lilikuwa tusi zuri. Nafisa mwenyewe angelikubali. Tuliacha kusuka.

Juu panga likanyamaza.

"Aleikum salaam, senhor técnico," ikashuka sauti ya Faizal, taratibu, ikimwita kwa cheo kama bwana wa ofisini. "Habari za Pemba? Umerudi salama?"

Abdulai akacheka kidogo. "Nakutania, bwana. Mimi mtani wako."

"Ndiyo, senhor."

"Nitukane basi!"

"Siwezi, senhor. Wewe ni mkubwa." Majani yakatikisika, mguu mmoja ukahamia upande wa pili wa shina. "Tafadhali sana, naomba usogee kidogo. Nataka kuangusha, nisije nikakuumiza."

Abdulai akasogea.